Maneno 12 ukutani: uchambuzi wa kisa cha kongamano la kripto na rekodi zake

Kisa hiki ni cha kongamano la siku 2 lililoandaliwa na jumuiya ya watumiaji na waandishi wa programu za sarafu za kidijitali. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa, pamoja na chochote ambacho kingemtambulisha mhusika. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosimamia kurekodi, kwa hiyo sehemu ya makosa yatakayosimuliwa ni yangu, na msomaji anisome akilijua hilo.

## Usuli

Jumuiya haikuwa na sarafu yake wala haikuuza kitu. Watu walikuwa wamejadiliana kwa maandishi kwa miaka kadhaa, wakaona wakati umefika wa kuonana. Kamati ilikuwa na watu 7, wote wa kujitolea. Washiriki waliojiandikisha walikuwa 180, na kumbi zilikuwa 3: ukumbi mkuu uliorushwa moja kwa moja mtandaoni, na vyumba 2 vidogo ambavyo hapa nitaviita A na B.

Hoja ya kurekodi ilitolewa kikao cha kwanza kabisa, na mwenzetu aliyeitoa alikuwa na mfano mzuri. Mwezi Desemba 2015, kwenye warsha ya Scaling Bitcoin iliyofanyika Hong Kong, Pieter Wuille, mmoja wa waandishi wa programu ya Bitcoin, alisimama akaeleza wazo la kutenganisha saini na sehemu nyingine ya muamala. Badiliko lenyewe lilianza kufanya kazi kwenye mtandao wa Bitcoin Agosti 2017. Katikati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na ugomvi mrefu juu ya nani alisema nini, na watu waliokuwa wakibishana waliweza kurudi kwenye rekodi na maandishi ya siku ile. Mwenzetu akauliza: sisi tukibishana miaka 2 ijayo, tutarudi wapi? Hakuna aliyempinga. Tatizo ni kwamba kukubali jambo na kulitengea fedha ni vitu viwili, na tofauti hiyo ndiyo iliyotugharimu.

## Fedha: tulipoanza kukata

Asilimia 60 ya bajeti ilitolewa na wafadhili kwa Bitcoin, miezi 4 kabla ya kongamano. Iliyobaki ilikuwa ada za washiriki, kwa fedha za kawaida. Wenye ukumbi na wenye mitambo walitaka kulipwa fedha za kawaida, na kwa awamu.

Tuligawanyika. Wengine walisema kongamano la kripto linalokimbilia kubadilisha kripto yake linajicheka lenyewe. Wengine, nikiwamo, tulikumbusha kwamba Bitcoin 1 ilipita dola 68,000 mwezi Novemba 2021 na mwaka mmoja baadaye ikawa chini ya dola 16,000; anayedaiwa kodi ya ukumbi hawezi kumwambia mwenye ukumbi asubiri soko lirudi. Tukaafikiana katikati: nusu ibadilishwe siku ileile, nusu ibaki.

Katika wiki 7 zilizofuata bei ilishuka kwa takriban asilimia 30. Hesabu ni nyepesi: nusu ya asilimia 60 ni 30, na asilimia 30 ya hiyo ni 9. Tulikuwa tumepoteza asilimia 9 ya bajeti yote, na kitu kilipaswa kukatwa. Ukumbi haukatiki. Vipaza sauti vya ukumbini navyo havikatiki. Macho yote yakageukia kurekodi, kwa sababu hakuna mshiriki atakayesimama asubuhi ya kwanza kudai kamera. Tuliondoa wapiga picha 2 wa kulipwa, tukaondoa kamera ya chumba B tukabakiza sauti tu, na tukamwondoa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini ya matangazo na kuamua nini kiende hewani. Nafasi yake ilichukuliwa na kijana wa kujitolea aliyefundishwa kwa nusu saa. Niliunga mkono uamuzi huo, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha.

Fedha za jumuiya zilikaa kwenye pochi, yaani programu inayotunza funguo za siri za kutumia sarafu, na hii yetu ilitaka saini 2 kati ya 3, na utaratibu huo ulituletea usumbufu mmoja tu: siku ya awamu ya mwisho mwenye saini mmoja alikuwa safarini na kifaa chake alikiacha nyumbani, na wa pili hakuonekana hadi kesho yake. Malipo yalichelewa siku 1. Ni afadhali hilo kuliko fedha zote kushikwa na mtu mmoja.

## Mpango wa kurekodi

Ukumbi mkuu ulipangiwa kamera 2, kifaa cha kunasa slaidi moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta ya msemaji, na sauti kutoka kwenye mikisa, mashine inayochanganya sauti za maiki zote. Chumba A kilipata kamera 1 na kinasa sauti cha mezani. Chumba B kinasa sauti peke yake.

Tulirekodi picha ya ubora wa 1080p kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde, ambayo ni gigabaiti 22.5 kwa saa. Kwa saa 7 kwa siku, siku 2, kamera 3, ni gigabaiti 945. Tulinunua diski za kutosha nakala 2 za kila faili, na nakala ya tatu ikapangwa kupandishwa mtandaoni usiku. Hesabu hii niliipiga mwenyewe, na nashukuru, kwa sababu ndiyo sehemu ya mpango ambayo haikunikosesha usingizi.

Vikao 38 vilikuwa vya kurekodiwa: 20 ukumbi mkuu, 12 chumba A, 6 chumba B. Kila kimoja dakika 25 za mada na 10 za maswali. Kingine kimoja cha faragha, cha wanaoendesha huduma za kutunza fedha za watu, kiliachwa nje ya rekodi kwa makubaliano kwamba yaliyosemwa yanaweza kusimuliwa lakini aliyesema hatajwi.

## Ridhaa

Kwenye makongamano mengi ridhaa ya kupigwa picha ni suala la adabu. Kwenye kripto ni suala la usalama wa mwili. Mtu anayejulikana kuwa na sarafu, na ambaye ufunguo wake uko kichwani mwake au mfukoni, anaweza kulazimishwa kuutoa kwa nguvu, na muamala ukishaingia kwenye mnyororo wa bloku, yaani daftari la pamoja la miamala yote, hakuna benki ya kupigiwa simu. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger, watengenezaji wa vifaa vya kuhifadhia funguo, zilivuja, zikiwamo anwani za nyumbani za watu wapatao 272,000. Wengi wetu kwenye kamati tulimjua angalau mtu mmoja aliyeanza kupokea vitisho baada ya hapo.

Kwa hiyo tuliomba barua pepe tu wakati wa kujiandikisha, bila namba ya simu wala anwani, na tukaahidi kuifuta orodha baada ya siku 30. Tuliifuta. Beji zilikuwa na kamba za rangi 2: kijani kwa anayekubali kuonekana, nyekundu kwa asiyetaka. Viti vya upande wa kushoto vilitengwa kwa wenye kamba nyekundu na kamera zikaambiwa zisigeukie huko. Wasemaji walisaini fomu yenye machaguo 3: kurushwa na kuhifadhiwa, kuhifadhiwa baada ya wao wenyewe kupitia, au kutorekodiwa kabisa.

Tulichosahau ni sauti. Mwenye kamba nyekundu akishika maiki kuuliza swali, uso wake hauonekani lakini sauti yake inakwenda hewani, na wanaomjua watamjua. Mshiriki mmoja alitukumbusha saa ya chakula cha mchana. Kuanzia hapo mshehereshaji alitangaza kila kikao kwamba asiyetaka sauti yake isikike aandike swali kwenye karatasi. Maswali ya karatasi, kwa maoni yangu, yaligeuka kuwa bora kuliko ya mdomo: mafupi, na bila hotuba ya utangulizi.

## Siku ya kwanza

Kikao cha ufunguzi kilianza na mngurumo mzito chini ya sauti ya msemaji. Fundi mitambo alihangaika na waya za maiki kwa dakika 10 kabla ya kugundua kwamba chanzo ni chaja ya kompyuta ya msemaji. Kompyuta ilipata umeme kwenye soketi ya jukwaani, mikisa ilipata kwenye soketi ya nyuma ya ukumbi, na waya wa sauti ulioziunganisha ukafunga mzunguko wa umeme kati ya ardhi mbili. Alichomoa chaja, mngurumo ukakata papo hapo. Baadaye akaweka kisanduku cha kutenganisha umeme kwenye waya huo, na kompyuta zikarudishiwa chaja zao.

Hiyo ilisikika na kila mtu. Ya pili haikusikika na yeyote. Sauti inayotoka kwenye mikisa ina nguvu mara nyingi kuliko ile ambayo kamera hutegemea kutoka kwenye maiki. Tuliichomeka kwenye kamera bila kubadilisha mpangilio, kwa hiyo kamera kuu ilinasa vikao 3 vya kwanza kwa sauti iliyopasuka kiasi cha kutotengenezeka. Ukumbini kila kitu kilisikika safi, na mpiga picha hakuvaa vifaa vya masikioni kwa sababu vilikuwa vimeazimwa chumba A. Tuliokolewa na kinasa sauti kidogo kilichowekwa pembeni ya mikisa, ambacho kilirekodi njia 2: moja ya kawaida na nyingine iliyoshushwa kwa desibeli 12, ili mtu akipaza sauti ghafla ya pili ibaki nzima. Kifaa hicho kilikuwa cha bei ndogo kuliko vyote tulivyokuwa navyo.

Chumba A, kamera ilizima yenyewe kila ifikapo dakika ya 29 na sekunde 59. Ilikuwa kamera ya picha za mnato inayoweza pia kurekodi video, na nyingi za zamani za aina hiyo ziliwekewa kikomo hicho kwa sababu ya ushuru wa forodha wa Ulaya uliotoza zaidi kifaa chenye uwezo wa kurekodi nusu saa au zaidi. Vikao vyetu vilikuwa vya dakika 35. Vikao 3 vilipoteza picha ya dakika 5 za mwisho kabla hatujashtuka. Kuanzia cha nne, mpiga picha alizima na kuwasha upya mada ikiisha, kabla ya maswali.

Chumba B tulipoteza vikao 2 kabisa. Kinasa sauti kilikuwa cha aina inayotaka kitufe kibonyezwe mara 2: ya kwanza taa nyekundu inapepesa na kifaa kinasikiliza tu, ya pili taa inatulia na kinaanza kurekodi. Mjitoleaji alibonyeza mara 1, akaona taa nyekundu, akatulia.

Intaneti nayo ilituangusha. Wiki moja kabla tulipima kasi ya kupandisha tukapata megabiti 40 kwa sekunde, mara 6 ya tulichohitaji kwa matangazo ya 1080p. Tulipima ukumbi ukiwa mtupu. Siku yenyewe, watu 180 kila mmoja na simu yake, wengine wakipakua mnyororo mzima wa bloku kwenye kompyuta zao kana kwamba wamekuja kwa hilo, kasi ikashuka chini ya 4. Tulishusha matangazo hadi 720p kwa megabiti 2.5 na yakaendelea kwa kukwamakwama. Rekodi za kwenye kamera hazikuguswa na hilo.

Jioni kulitokea jambo dogo lenye uzito mkubwa. Kijana wa matangazo alidhani kikao cha mwisho kimekwisha, akakata. Msemaji alikuwa amenyamaza tu kunywa maji; dakika 2 zake za hitimisho hazikwenda hewani. Alilalamika, kwa haki. Usiku huo mwenyekiti wa kamati akatoa kanuni: hakuna kukata matangazo bila idhini ya mwongoza kikao. Sote tuliitikia. Kwa kosa la siku ile, ilikuwa kanuni ya busara.

## Siku ya pili, kikao cha nne, ukumbi mkuu

Mada ilikuwa jinsi ya kurejesha pochi baada ya kupoteza simu. Msemaji alikuwa mzoefu na mwalimu mzuri. Nitasimulia kwa dakika, kama zilivyosomeka kwenye rekodi.

Dakika ya 0 alichomeka simu yake kwenye waya wa projekta. Slaidi hatukuwa nazo mapema, kwa sababu hakuwa na slaidi; alisema atafundisha kwa vitendo.

Dakika ya 4 alifungua sehemu ya nakala rudufu kwenye programu ya pochi, na maneno 12 ya siri, ambayo anayeyajua anaweza kuifungua pochi hiyo kwenye kifaa chochote, yakatokea ukutani. Ukumbi ukavuta pumzi. Akacheka, akasema wasiogope, hii ni pochi ya mtandao wa majaribio, sarafu zake hazina thamani. Maneno yalikaa ukutani sekunde 50 akieleza kwa nini yaandikwe kwenye karatasi.

Kijana wa matangazo aliona mara moja. Aliita kwa redio: "Kaka, nikate?" Nilikuwa chumba A na kinasa sauti mkononi. Nikamwambia amwulize mwongoza kikao. Mwongoza kikao alikuwa jukwaani, mgongo kwenye skrini, akitabasamu kwa hadhira.

Mtandao wa majaribio na mtandao halisi havina maneno tofauti. Maneno 12 ni mzizi. Kutoka kwenye mzizi huo programu huchipusha matawi, na kwa utaratibu unaofuatwa na pochi nyingi, tawi namba 0 ni la Bitcoin halisi na tawi namba 1 ni la mitandao yote ya majaribio. Mwenye mzizi ana matawi yote. Msemaji alikuwa ameanza kutumia maneno yale miaka 2 nyuma kwa akiba yake, akahamisha sehemu kubwa, kisha akayafanya kuwa maneno ya kufundishia. Sehemu ndogo ilikuwa imebaki. Alikuwa ameisahau.

Dakika ya 7 arifa ilishuka juu ya skrini ya simu, na kwa hiyo ukutani, mbele ya watu 100 na zaidi: muamala umetoka kwenye pochi yako.

Bado kulikuwa na nafasi. Muamala ulikuwa kwenye foleni ukisubiri bloku, fungu la miamala linaloongezwa kwenye mnyororo, na mwenye ufunguo anaweza kutengeneza muamala mwingine wa fedha zilezile wenye ada kubwa zaidi, ili wachimbaji, wale wanaotengeneza bloku, wachukue huo badala ya ule wa mwizi. Watu watatu walimpigia kelele jambo hilo kutoka kwenye viti. Lakini simu aliyoihitaji kuifanya kazi hiyo ilikuwa imechomekwa ukutani. Aliichomoa, akatafuta mtandao, na mtandao wa ukumbi ulikuwa umeelemewa kama jana. Bloku za Bitcoin hupatikana kwa wastani wa dakika 10, ila wastani haumwahidi mtu chochote. Hii ilipatikana dakika ya 12, akiwa bado anaandika kiasi cha ada.

Matangazo niliyakata mimi dakika ya 9, baada ya kukimbia kutoka chumba A. Hata hivyo mtazamaji yeyote aliweza kurudisha nyuma na kusoma. Kuyaficha kulihitaji nywila ya akaunti, na aliyekuwa nayo alikuwa kwenye meza ya mapokezi. Yalifichwa dakika ya 16.

Kiasi kilichoibwa hakikuwa kikubwa, lakini kilikuwa akiba ya mtu. Kamati ilijadili kumfidia kutoka kwenye mfuko, ikakataa kwa sababu fedha za wafadhili zilitolewa kwa matumizi yaliyotajwa. Washiriki walichangishana, wakafikisha karibu nusu.

## Uhariri, na hesabu ya ukungu

Tulitangaza kwamba rekodi zitatoka ndani ya wiki 3. Zilitoka baada ya wiki 11. Sehemu kubwa ya muda ililiwa na kuoanisha picha na sauti za vifaa tofauti: saa ya kila kifaa inakimbia kwa kasi yake, na midomo na maneno vikianza pamoja mwanzoni, mwishoni vimeachana. Kupiga kofi 1 mbele ya kamera kila kikao kinapoanza na jingine kinapoisha kungepunguza kazi hiyo kwa kiasi kikubwa. Hatukupiga hata moja.

Mjadala uliochukua usiku mzima ulikuwa juu ya kikao cha nne. Mhariri alipendekeza kufunika kwa ukungu maneno 2 ya mwisho, ili mafunzo yaonekane bila siri kutoka. Wazo lilipendwa hadi mmoja wetu alipoketi kupiga hesabu. Orodha ya maneno hayo ni ya wazi na ina maneno 2,048. Maneno 2 yasiyojulikana ni 2,048 mara 2,048, karibu milioni 4.2. Lakini ndani ya neno la mwisho mna alama ya kuhakiki inayokataa michanganyiko 15 katika kila 16, kwa hiyo inabaki 262,144. Kompyuta ya kawaida inaimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Likifichwa neno 1 la mwisho tu, zinabaki 128, ambazo mtu mwenye subira anaweza kuzijaribu kwa mkono.

Ukungu juu ya maneno yote 12 nao haukutosha. Kwenye orodha ya Kiingereza, herufi 4 za kwanza zinatosha kulitambua kila neno, na anayejua orodha nzima anaweza kutia ukungu maneno yote 2,048 na kulinganisha. Tulikata dakika zote za kuanzia ya 4 hadi ya 9 na kuweka slaidi nyeusi yenye maelezo. Msemaji mwenyewe ndiye aliyeomba kikao kitoke kikiwa na tukio lake limeelezwa waziwazi. Nilimheshimu sana.

Kulikuwa na picha moja ya ufunguzi, kamera ikizunguka polepole juu ya hadhira, nzuri kuliko zote. Ilimnasa mwenye kamba nyekundu aliyekuwa amesimama kulia akitafuta kiti. Iliondolewa.

## Matokeo

Kati ya vikao 38, vya video vilivyotoka ni 29 na vya sauti pekee ni 4. Wasemaji 3 waliomba vyao visitoke baada ya kuvipitia, na 2 ni vile vya taa iliyopepesa.

Miezi 3 baadaye msemaji mmoja alidai kipande kilichosambaa, akionekana kuahidi faida juu ya sarafu fulani, kimehaririwa na sisi. Usiku wa kila siku ya kongamano tulikuwa tumepiga hesabu ya SHA-256 ya kila faili halisi, namba inayobadilika hata biti moja ya faili ikiguswa, na kuipiga muhuri kwenye mnyororo wa Bitcoin kwa OpenTimestamps, huduma inayothibitisha kwamba faili ilikuwapo wakati fulani. Tulimpa faili, tukampa na muhuri, akahakiki mwenyewe. Haithibitishi kwamba kamera haikudanganywa kabla ya usiku ule. Inathibitisha kwamba tangu usiku ule hakuna biti iliyoguswa. Kipande kilikuwa sahihi. Hakulalamika tena, ingawa pia hakuomba radhi.

## Uchambuzi

Ni rahisi kusema kosa lilikuwa la msemaji. Wengi walisema hivyo korido nzima, na mimi siku ya kwanza nilisema. Sikubaliani nalo tena. Mzoefu anayefundisha kwa vitendo atateleza siku moja. Kilichopaswa kuwapo ni mtu kati ya kuteleza kwake na dunia nzima. Mtu huyo alikuwa kwenye bajeti ya kwanza. Tulimwondoa kulipa pengo la bei, kisha kanuni ya usiku mmoja ikamnyang'anya aliyemrithi haki ya kutumia kitufe kilichokuwa chini ya kidole chake. Kijana alifanya alivyoagizwa. Aliona, akaripoti, akasubiri. Mimi ndiye niliyemrudisha kwa mwongoza kikao.

Kanuni yenyewe ilichanganya makosa mawili yasiyolingana. Kukata matangazo kimakosa hupoteza dakika 2 ambazo kamera inazo tayari na zinarudishwa wakati wa uhariri. Kuchelewa kukata hupoteza kisichorudi. Kwa hiyo mwenye kitufe alipaswa kuwa huru kukata akiwa na shaka tu, na lawama ya kukata bure ibebwe na kamati. Kuchelewesha matangazo kwa dakika 1 au 2 kungetupa pumzi zaidi, na hakuna mtazamaji angejua. Hata hivyo kungezuia walio mtandaoni tu: waliokuwa ukumbini walikuwa na simu zao, na hatujui aliyechukua alikuwa upande gani.

Kubadilisha nusu ya fedha ni uamuzi ninaoutetea hadi leo. Ingebaki yote, pengo lingekuwa asilimia 18. Ila tulipaswa kubadilisha kwanza kila kilichokwisha kuwa na mwenye kukidai kwa fedha za kawaida, na kuacha kilichozidi kikae sokoni. Tulianza na asilimia badala ya kuanza na orodha ya madeni.

Vinasa sauti vya ziada viliokoa vikao 6: 3 vya sauti iliyopasuka, na 3 vya chumba A ambavyo maswali yake yana sauti bila picha. Hadhira ilivumilia picha kukosekana. Hakuna aliyevumilia sauti mbovu hata kwa dakika moja.

Kamba za rangi zilifanya kazi pale tu mtu alipokaa. Mtu anayetembea hana upande wa kushoto.

Kuna jambo ambalo kamati haijaliamua mpaka naandika haya. Faili halisi ya kikao cha nne, yenye maneno yote 12, iko kwenye diski 2 zilizofungiwa. Pochi ile ni tupu na msemaji ameachana nayo, lakini anataka faili ifutwe, na ana haki. Wenzangu wawili wanasema muhuri wake umo kwenye mnyororo usiofutika, na ukibaki peke yake utakuwa ukielekeza kwenye kitu ambacho hakuna tena wa kukionyesha; siku ikitokea mtu akazusha toleo lake la kikao kile, hatutakuwa na la kulinganisha. Kura ya mwisho ilikuwa 3 kwa 3. Wa saba ni mimi, na nimeomba muda.